Kikombe Chake Peke Yake

Somo lilikwenda vizuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Nilikuwa nafundisha darasa la tano hapa Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Muhula ule tulimpokea msichana wa Kimbuti, aliyekimbia vita upande wa Beni pamoja na mama yake. Watoto wakamwita majina yale yale niliyoyacheka mimi nilipokuwa na umri wao. Safari hii nikasema hapana. Wiki nzima nikawafundisha kwamba Wambuti ndio wenyeji wa kwanza wa misitu ya huko Kongo, na kwamba kuwadharau ni ujinga. Nikatoa mtihani. Karibu darasa zima likapata alama za juu, nami nikarudi nyumbani kifua mbele.

Kesho yake, saa ya uji, nikayaona matunda ya kazi yangu. Vikombe vya shule havitoshi, kwa hiyo watoto wawili hunywa kikombe kimoja, kwa zamu. Msichana akanywa nusu yake, akampa mwenzake, yule yule aliyeongoza mtihani. Mwenzake akamwaga uji chini, akaenda kusugua kikombe kwa mchanga.

Nilipomuuliza, akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, hata nyumbani hatunywi kikombe moja nao."

Nilikasirika sana. Jioni nikapita sokoni, nikanunua kikombe cha bluu, nikampa yule msichana. Hiki ni chako peke yako, nikamwambia, asikusumbue mtu. Nilijiona mwema kweli kweli. Siku nne zikapita bila ugomvi, na bila mtoto yeyote kukaa karibu naye.

Siku ya tano hakuja. Akaja mama yake, ameshika kile kikombe, kimeoshwa kikang'aa.

"Mwalimu, aksanti," alisema. "Mutoto anakatala masomo. Kikombe yako ni hii."

"Mama, nilitaka kumsaidia."

"Najua. Hata kule Beni, kwa watu tulikuwa tunawalimia, walikuwa wanatupatia kikombe ya peke yetu."

Akakiweka mezani, juu ya karatasi za mtihani, akaondoka. Ndipo nikakumbuka kikombe cha bati kilichotundikwa nje ya jiko la mama yangu, cha vibarua wa Kimbuti waliovuka mpaka kuja kutulimia. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kukileta. Sokoni, nikichagua rangi, sikukikumbuka hata kidogo.