Mama wa Migombani

IKINGA, Agosti 1954. Saa moja unusu asubuhi ukungu haujaondoka, na debe la kwanza la Ikupa Lusubilo limefika nusu. Anachuma kahawa kwa mikono miwili, kibwebwe kiunoni, jicho moja barabarani.

"Atapita sasa hivi," anasema.

Na kweli anapita. Ni Anyitike, mwanawe wa miaka kumi na minne, mwembamba, miguu mitupu, anapandisha kilima mbio. Nyuma yake inasikika sauti ya mzee ikimhimiza. Hapo Ikupa anajifunika khanga usoni na kuzama kati ya mibuni. Mzee akishapita, anaibuka na kuendelea kuchuma kana kwamba hakuna lililotokea.

Mzee huyo ni Fanueli, baba mkwe wake. Huku milimani mke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, hata jina lake halitamki. Ikupa ana miaka kumi na sita ya ndoa, na anaapa hajui kama mzee ana ndevu au hana.

Mumewe, Gwakisa, yuko migodini Rodeshia ya Kaskazini, huu ni mwaka wa tatu. Basi mkimbiaji huyu analelewa na watu wawili wasioruhusiwa kuonana. Mama hupika uji wa ulezi. Babu, aliyekuwa pagazi katika vita vya Wajerumani na Waingereza, humfundisha kupumua mlimani. Wakiwa na neno, humtuma mtoto.

"Mzee alituma kwamba uji ni mwepesi," Ikupa anasimulia akicheka. "Nami nikajibu, uji mzito unataka ulezi. Jioni narudi shambani, nakuta kikapu kizima mlangoni."

Taabu ilikuwa siku za mashindano. Fanueli hukaa kwenye kamba ya mwisho, kwa hiyo Ikupa hujificha migombani, ambako huona kona moja tu ya uwanja. Mwezi Juni Anyitike aliongoza mpaka kona ile. Akageuza shingo kumtafuta mama yake, wawili wakampita.

"Nililia," anasema Ikupa. "Nilijiona mimi ndiye niliyemwangusha."

Jumamosi iliyopita zilikuwa mbio za kumpata mmoja wa kwenda kukimbia bomani Tukuyu. Asubuhi hiyo babu alimwuliza mjukuu kwa nini siku ile aligeuka.

"Nataka mama naye awe mwishoni," mtoto akajibu.

Mzee alichukua kigoda akatoka. Alifika uwanjani kabla ya watu, akaweka kigoda chake pale pale kwenye kamba, kisha akakaa ameupa uwanja mgongo, uso kwenye ukuta wa shule. Watu wakamcheka. Mmoja akamwuliza kama uzee umeanza kumchezea.

"Chekeni tu," akasema Fanueli. "Lakini mwiteni mama Anyitike aje."

Ikupa akaja, khanga kichwani, akasimama hatua kumi kutoka mgongo ule. Alikuwa hajawahi kumkaribia hivyo.

Safari hii Anyitike hakugeuza shingo. Alikimbia moja kwa moja kuelekea kwa mama yake, akaifikia kamba wa kwanza.

"Nani?" mzee akauliza, macho bado ukutani. "Nani jamani?"

Katika kelele zile hakuna aliyemsikia, isipokuwa mtu mmoja asiyeruhusiwa kumjibu. Ikupa akapiga kigelegele kirefu.

Mzee akajifuta macho kwa kiganja. "Basi," akasema. "Nimeona."

Tukuyu ni siku mbili kwa miguu, na Ikupa hajawahi kuvuka mto Mbebe. Kwa senti thelathini anazolipwa kila debe, safari itamlia mapato ya karibu wiki nzima. Hata hivyo atakwenda. Babu na mjukuu watatangulia, yeye atafuata nyuma, mbali na macho yao. Kila njia panda, mzee ataweka tawi kuziba njia wasiyoipita.

Mwandishi anamwuliza kama haogopi kupotea.

"Ulezi alileta, tawi atashindwa?" anasema, mikono imekwisha rudi kwenye mibuni. "Na ametuma neno jana. Kigoda atakibeba mwenyewe."