Makuti ya Kache

Hakuna mtu Mikindani aliyemweza Kache Ngowa kwa bei. Aliuza makuti ya kuezekea tangu ujane wake, na kwa makuti hayo akasimamisha nyumba ya vyumba vitatu. Kanuni yake moja: usiulize jambo mara mbili. Anayerudia swali huonyesha njaa yake.

Mwaka ule, baada ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi, zilivuma habari kwamba nyumba za vibarua wa Changamwe zitatengenezwa, na nyingine mpya zijengwe kando yake. Kache akabeba kibuyu cha tembo la mnazi hadi kwa Musyoka, tarishi wa ofisi ya majenzi, Mkamba aliyekuwa na miaka miwili tu pwani.

"Basi ni kweli, mwanangu?"

"Kweli, mama. Za zamani zote zitaezekwa upya. Na mpya arobaini."

"Zitaezekwa kwa nini?"

"Kwa sababu zinavuja."

Kache akacheka hadi akashika mbavu. Kwake yeye, aliyelelewa Frere Town, sababu huulizwa kwa "mbona". "Kwa nini" ni kwa kitu gani. "Kiswahili cha bara hicho, baba! Haya, kunywa." Hakurudia. Nyumba za zamani zilikuwa za makuti. Mpya zitakuwa za nini tena?

Akaenda Junda kwa Mwidani, mwenye shamba la minazi. Alitaka makuti ya msimu mzima, kabla wengine hawajanusa habari. Mwidani naye hakuwa mjinga.

"Nipe nyumba yako, dada."

"Nyumba! Kwa majani?"

"Majani ndiyo unayoyataka, si mimi."

Walivutana siku tatu. Kache akatoa nyumba, akajibakizia chumba cha uani mpaka mvua za masika ziishe. Alirudi anatembea kama bibi harusi: kwa faida ya makuti yale angejenga nyumba mbili.

Makuti yalijaa ua, yakapita dirisha. Mwezi wa pili malori yakapanda Changamwe, nayo yamebeba mabati.

Kache alimfuata Musyoka mbio. "Mbona hukuniambia ni mabati?"

"Uliniuliza kwa nini, mama. Nikakwambia kwa nini."



Kache akamrudia Mwidani. "Chukua makuti yako, nipe nyumba yangu."

"Dada, wewe umeuza miaka mingapi? Ulipata kurudishiwa kuti hata moja?"

"Sijapata."

"Basi."

Akajaribu kuyauza. Wanunuzi walikuja, wakatazama lile rundo, wakatazama mawingu, wakasema watarudi. Yeye mwenyewe alikuwa amewasubirisha watu hivyo mara nyingi, alijua hawatarudi. Mchwa wakaanza chini, ukungu juu.

Siku moja ya masika alipita Changamwe. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo. Mlangoni alikaa Pascalia, mke wa kibarua, akichambua kunde.

"Hapavuji hapa?" Kache akauliza.

"Hata tone, mama. Karibu ujikinge."

"Ahsante. Naenda nyumbani."

Neno lile lilimtoka kwa mazoea. Alipofika Mikindani, Mwidani alikuwa juu ya ngazi, anaziba paa kwa makuti machache ya katikati ya rundo yaliyosalimika. Hakuomba, wala Kache hakutaja bei.

"Mvua zikikatika," Mwidani akasema bila kugeuka, "chumba cha uani nitamweka mpangaji."

"Najua," Kache akajibu.