Mgeni Aliyeniinulia Jiliwa

Cheka kama unataka, lakini jambo hili lilinikuta mimi mwenyewe, saa kumi alasiri, nikiwa sijaonja hata tone la ulanzi. Mke wangu mpaka leo anasema nilisinzia. Haya, basi anieleze mkanda wangu wa suruali ulikatwa na nani.

Ilikuwa Kihesa, Iringa, miaka ya hamsini, mwezi wa Julai, siku ambayo ukungu haukuondoka kutwa nzima. Nilijifungia kwenye karakana yangu nyuma ya nyumba, natengeneza kiti cha baba mkwe. Kiti cha kwanza nilichompa kilivunjika akiwa amekikalia, mbele ya kaka zake, naye akasema palepale chini alipoangukia: "Nitarudi Jumapili. Cha pili kikivunjika, naondoka na binti yangu." Na siku ninayokusimulia ilikuwa Jumamosi.

Tatizo lilikuwa miguu. Kila niliouchonga ulitoka upande, ingawa nilikuwa na jiliwa zuri la chuma, la kubania mti usicheze, nililolinunua Makongolosi, mgodi mmoja ulipofungwa. Lilikaa juu ya nguzo ya kupandisha na kushusha. Mimi, msomi wa sekondari, nikalishusha mpaka chini kabisa ili nibane mbao zangu huku nimekaa. Kwa nini fundi asimame, na Mungu amempa makalio?

Mlango ukafunguka. Akaingia mtu mrefu, koti mpaka miguuni, kofia mpaka kwenye nyusi.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene," nikaitikia. Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya, lakini kwa Wahehe nimeoa, salamu zao nazijua. Nikampa mkono wa kulia, wa kushoto nikashikia kiwiko changu kwa heshima, nikainama. Nilipoinuka, mkono wake ulibaki kwangu. Wote, kuanzia kiwikoni. Amini usiamini, ulikuwa wa mbao ya mninga.

Wewe ungekimbia? Mimi nilifikiria. Lakini mlangoni alisimama yeye, na nje kulikuwa na baridi.

"Samahani, fundi," akasema kwa upole. "Kijiti cha kuungia hapo kimelika. Nichongee kingine."

Nikakaa kwenye kigoda changu, nikabana kipande cha mti. Akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyevaa shati nje ndani.

"Unachonga, au unakamua ng'ombe?"

"Ndivyo nilivyozoea, bwana."

"Na kiti hicho nacho umekizoeza kulala chini?"

Kwa mkono uliobaki akalegeza nguzo, akainua jiliwa, akanisimamisha mbele yake. Sehemu ya juu ya meno ya jiliwa ikawa sawasawa na kiwiko changu. Kisha akakata ngozi kwenye mkanda wangu (wangu, si wake!) akaipachika kwenye meno, mti usiumie.

"Sasa kaza. Basi, basi! Unashika mti, hukamati mwizi."

Nikapiga tupa huku suruali inateremka. Nakuambia, mgongo haukuuma hata kidogo, na mti haukucheza. Kijiti kikatoka laini, cha mviringo safi. Nikamuunga mkono. Akaukunja, akaukunjua, akanipigapiga begani, akatoka. Nilipochungulia nje niliona ukungu mtupu, na mstari wa maranda ukielekea barabarani.

Kabla ya giza kuingia nilikuwa nimechonga miguu minne, yote sawa.

Jumapili baba mkwe akakaa. Akajitikisa makusudi. Akanyanyuka, akajibwaga kwa nguvu, mzee yule! Kiti kimya. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Sekela, sema kweli, nani kakutengenezea?"

Tangu hapo jiliwa halishuki. Wanaume watatu wa Kihesa wameining'inia ile nguzo mpaka mmoja akachanika shati. Nafanya kazi wima, mimi niliyeumbwa kukaa. Na kazi ipo, maana mzee ameagiza kiti kwa kila kaka yake. Anao tisa, na kila Jumapili anakuja kukagua na kula.

Kwa hiyo nakuonya, wewe mwenye jiliwa na wakwe. Fundi usiyemjua akija kukufundisha, msikilize, mshukuru. Lakini kiti cha mkwe, acha mguu mmoja ucheze. Kisivunjike, la. Kicheze tu kidogo, mzee akakaribishwe kukaa kwingine.