Seva imekufa, flashi ilikuwa msibani

Seva yetu ya hesabu za maziwa hapa Lushoto imekufa leo asubuhi, na mimi nikamalizia chai yangu taratibu.

Kompyuta ya akiba iko kijijini Kwai, ina nakala ya Jumapili. Kila jioni mama Zaina, anayeleta maziwa mjini, anarudi na flashi yenye mabadiliko ya siku hiyo, yanaongezwa kule.

Nimepanda Kwai, nikaiwasha. Maziwa ya jana hayamo.

Nikamfuata mama Zaina nyumbani kwake.

"Shikamoo mama. Flashi ya jana iko wapi?"

"Marahaba. Jana nilikuta msiba njiani, mwanangu. Ningepitaje?"

Akafungua fundo la kanga. Flashi hii hapa.

Nimeipakia. Lita za jana zimeingia zote, na Kwai ndiyo seva sasa.

Nyie wenzangu data zenu zinalala wapi? Zetu jana zimelala kwenye pindo la kanga, na zimeamka salama.