Doa Laini Lililohama

Kiwandani walimwita Mama Kucha. Kazi yake ilikuwa kupitisha ukucha juu ya kibao cha chuma, kisha juu ya kifuniko cha plastiki kilichotoka mashineni, na kusema kama vinafanana. Alikuwa na vibao kumi na viwili kwenye sanduku: vya juu vinang'aa hadi unaweza kujitazama ukapaka wanja, vya katikati vimesuguliwa kwa msasa na kwa jiwe, vya chini vimepigwa mchanga vikafifia. Mteja wa nje alikuwa na kadi yake ya viwango vya ukwaruzo, yenye namba zisizolingana na za vibao hata kwa dawa. Wahandisi wakishindwana, walimletea yeye. "Hii yao ni kibao cha kumi, imezidi kidogo tu," angesema. Wakipima kwa mashine yenye sindano ya kusoma ukwaruzo, ni hivyo hivyo.

Aliyemfundisha ni mama yake mdogo, aliyemlea tangu ana miaka sita na kukalia kiti kile kile kabla yake. Sasa mama mdogo alikuwa kitandani mwaka wa pili, amepooza upande mmoja, neno halimtoki.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, ukucha ulinyamaza. Kwenye kifuniko kilichotoka kalibu iliyopigwa mchanga, lile umbo la chuma linalomiminiwa plastiki, ukucha hukwaruza krrr mwanzo hadi mwisho. Hapa palikuwa na doa laini, ukubwa wa ncha ya kidole, lisilotoa sauti. Kifuniko kilichofuata nacho kilikuwa nalo.

Akamwita fundi wa kalibu, mzee wa maneno mengi. Wakaifungua kalibu, wakaifuta kwa spiriti, wakaimulika kwa tochi. Chuma kilikuwa sawa kote.

"Labda ukucha wako umezeeka, Mama Kucha."

"Haya, pitisha wako."

Fundi akapitisha juu ya kifuniko. Akarudia. Siku hiyo hakutania tena. Plastiki hunakili chuma tu, haina chake.

Jumanne doa lilikuwa limesogea. Jumatano Mama Kucha alivipanga vifuniko mezani kwa mpangilio wa kutoka kwake, arobaini na kimoja, akalifuata doa kwa macho. Lilianzia pembe ya chini, likapanda taratibu, na lilipofika ukingoni likakunja kushoto. Yeye mwenyewe ndivyo anavyokagua, na mkunjo ule aliufundishwa na mtu mmoja tu.

Hakuaga. Nyumbani alimkuta dada yake, binti wa mama mdogo, anakunja nguo. Jua la mchana lilikuwa limejaa chumbani. Juu ya shuka, kidole cha mkono usiopooza wa mama mdogo kilikuwa kinatembea. Kilipanda, kikakunja kushoto, kikarudi chini.

"Kaanza lini hivi?"

"Jumatatu asubuhi. Nilidhani anawashwa, nikabadilisha shuka."

Mama Kucha akapiga magoti. "Mama, kazi ni nzuri. Nimeipitisha mimi. Pumzika."

Kidole kikasimama. Macho yakamgeukia, makavu, yakimtazama kama kitu kilicholetwa kukaguliwa. Mkono ukainuka kwa shida, na ukucha ukampita shavuni, kidevuni hadi kipajini, ukakunja kushoto. Hakikusikika kitu.

"Dada, kakukwaruza?" binti akauliza.

"Hapana," alisema Mama Kucha, akajigusa shavu.

Mama mdogo alifariki Ijumaa, saa nne asubuhi. Saa hiyo hiyo mashine ilitoa kifuniko kimoja kinachong'aa kote kama kioo, kutoka kwenye kalibu isiyong'aa hata kidogo. Fundi alikifunga kwa kitambaa akakaa nacho, na hakukitaja mpaka baada ya mazishi.

Vilivyofuata vilitoka safi, na mteja akavipokea vyote. Wiki mbili baadaye Mama Kucha aliomba kuhamishiwa upande wa kufungasha. Meneja alimbembeleza, akakataa. Hakumwambia kwamba kila asubuhi akinawa uso, kiganja kikifika shavu lile huteleza kama juu ya kioo, na ukucha wake mwenyewe ukipita pale, haufanyi sauti.