Badrum Niliyojisifia

Aibu nyingine hazizeeki. Hii yangu nikiikumbuka masikio bado yanapata moto, lakini acheni niwape mwenyewe, maana mkiisikia kwa mwingine ataitia chumvi.

Nilitoka Mombasa, fundi wa viyoyozi, nikatua Jeddah miaka ile ya neema ya mafuta, na kafili, mdhamini wangu wa kazi, akaniambia kazi iko Riyadh, na malazi, "enta, badrum, halas," yaani wewe, badrum, basi. Mimi nikasikia bedrum ya Kizungu, chumba cha kulala. Nikaitikia naam kwa furaha (kwetu tulilala ndugu wanne chumba kimoja), sikuuliza kitu, nikaenda moja kwa moja mtaa wa Aziziya, hapo hapo Jeddah, kumposa Rahma, niliyeonana naye harusini Mombasa, binti wa Wazanzibari waliohamia Jeddah baada ya mapinduzi.

Sebule imejaa wajomba, wanawake wako nyuma ya mlango wanasikiliza. Baba yake, Mzee Nassor, akauliza nitamweka wapi binti yake. Nikavimba: "Kafili amenipa badrum yangu, mzee."

Nyuma ya mlango mtu akaangua kicheko.

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "badrum ndo chini ya nyumba, shimoni. Wataka kumfukia mwanangu mzima?"

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikambishia mtu aliyeongea Kiarabu kabla sijaota ndevu, nikamwambia bedrum ni chumba cha kulala dunia nzima, na asiyeamini aje Riyadh aone.

"Tutakuja," akajibu mama yake Rahma kutoka nyuma ya mlango.

Riyadh nikateremshwa ngazi, nikateremshwa tena: stoo chini ya jengo, mtaa wa Batha, ambamo wafanyakazi wageni tuliwekwa mpaka ikama, vibali vya kukaa, zitoke, vitanda vya chuma, taa mchana kutwa, dirisha mafi, hakuna kabisa, na fundi wa viyoyozi hana hata feni. Nikasema sishindwi. Nimkose Rahma kwa neno moja? Nikapaka kuta chokaa, siku ya ugeni wa kina Rahma nikawatoa wenzangu nje (walinitukana kwa lugha tatu), nikatundika pazia refu la maua ukutani ili wadhani kuna dirisha.

Wakaja Mzee Nassor na mama yake Rahma. Mama akakaa kitandani, akajipepea. "Joto! Hebu tupate hewa." Kabla sijaruka, kashavuta pazia. Ukuta mtupu.

Na mimi, badala ya kukiri, nikasema, "Dirisha hilo, mama, limekwama."

Mzee alicheka mpaka kilemba kikamtoka, na wenzangu, kumbe wako ngazini wanachungulia, wakaniita Limekwama tangu siku hiyo. Nilitamani badrum ile iwe na badrum yake niingie.

Mama akafuta machozi. "We mwongo mbovu. Chokaa umepaka mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tafuta nyumba ilo juu ya ardhi, kisha uje. Posa hatujaikataa."

Nikafanya kazi ya kafili mchana na vibarua jioni, nikala mikate mikavu, hadi nikapata chumba mtaa wa Sulay, Riyadh hiyo hiyo, katikati ya maghala na vumbi lake. Siku Rahma alipoingia kama mke wangu hakusalimia hata kitanda. Alikwenda dirishani, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena, ndipo akavua viatu.

Tangu hapo neno nisilolijua nauliza, na anayetaka kucheka acheke mapema.