Mzee wa Mbwa na Bakuli za Makaburini

Enzi za Mwingereza, nikizurura pwani ya Kilwa, nilishinda siku moja na mzee aliyewasaka kwa mbwa nguruwe wanaomaliza mihogo. Mimi wa bara, niliyeacha shule mapema, nilitaka tu kuona.

Adhuhuri tukatoka msituni, tukafika kwenye magofu ya msikiti wa kale. Makaburi ya hapo yalipambwa kwa bakuli za Kichina, na mbili zilikuwa zimeng'olewa karibuni. Mzee akafunga mbwa wake watatu kwenye mti.

"Kaa nao hapa," akasema, akazunguka nyuma ya ukuta.

Nikaingiwa na shaka. Tukikamatwa na bakuli, nani angeniamini mimi mgeni? Niliposimama, jike kubwa likanguruma. Nikaenda hivyo hivyo, nikachungulia. Mzee alikuwa amechutama kando ya kisima, anachota udongo kwa mikono.

"Babu, unafukia nini?"

Akashtuka. "Nifukie nini? Mbwa wamenilamba tangu asubuhi. Kwetu mate yao huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nataka kuswali."

"Humu? Hamna hata paa!"

"Sasa niingie na mate ya mbwa kwa kuwa hamna paa?"

Nikaona haya, nikaomba radhi. Akacheka.

"Usijali, mwanangu. Mimi nilikuacha na mbwa kwa sababu tangu tufike macho yako hayabanduki kwenye bakuli."

Akaingia kuswali. Mimi nikarudi kwa mbwa, nikakaa mahali ambapo angeniona.